Mbwa Tusiyekuwa Naye

"Tuna mbwa?" mke wangu aliniuliza.

Alikuwa amesimama dirishani penye mwanga, suruali ya mwalimu wa binti yetu ameiinua hadi puani. Ilikuwa suruali ya kijivu, ya sufi nyepesi, niliyoishona kwa siku nne na kuipiga pasi taratibu ili mstari wa mbele ukae sawasawa. Juu kidogo ya goti la kushoto palikuwa na doa pana lisilo na rangi, lililofanya kitambaa kionekane kimelowa ilhali kilikuwa kikavu. Nilimpelekea yeye kwa sababu kwa madoa hana mpinzani. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja akifua mashuka ya hospitali, na kwa kunusa tu angekwambia doa ni la dawa, la chai au la uji aliokataa mgonjwa.

"Mbwa gani?" nilisema.

"Ndiyo nakuuliza wewe. Juzi muuza nyama alinisimamisha, akaniuliza mbwa wetu hajambo. Nikamjibu hajambo, anakusalimu." Aliikunja suruali kwa mikunjo yake ileile, akaiweka mezani. "Haya ni mafuta ya mifupa, Baba Sindano. Ya kuchemshwa."

Mke wangu si mtu wa kupaza sauti. Siku ile ningefurahi kama angepaza, ningepata cha kukasirikia. Alivuta kigoda, akakaa, akaweka mikono mapajani na kunisubiri.

Sindano ni binti yetu, mtoto wetu wa pekee. Jina hilo la utani nilimpa mimi, kwa wembamba wake na kwa maswali yake yaliyokuwa yakichoma. Wakati ninaousimulia alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa na mwaka mzima hajala nyama. Yaani, alikuwa anaamini kwamba hajala.

Inanibidi nirudi nyuma hadi kwenye kamba.

Kaka yangu alikuwa na wageni, akanunua mbuzi. Mchinjaji alichelewa, watu wote walikuwa na shughuli, na mbuzi alikuwa anakula maua ya shemeji yangu. Nikampa Sindano kamba nikamwambia, "Shika hapa, usiachie hadi nirudi." Nikaenda kukaa kivulini na wanaume wenzangu. Maneno yakanoga, nikamsahau. Nilipokumbuka, saa nzima ilikuwa imepita. Nikamkuta palepale juani, kamba ameizungusha kwenye kifundo cha mkono, na mbuzi amemlalia mguuni kwa ubavu mzima huku akitafuna pindo la gauni lake.

"Baba," alininong'oneza, "ananiegemea."

Nilicheka. Mimi ni fundi cherehani, nikaliona pindo kwanza. Nikamwambia nitamshonea lingine, nikaichukua kamba mkononi mwake na kumkabidhi mchinjaji aliyekuwa ameshafika. Mchana sahani ya Sindano ilipoletwa, aliitazama kwa muda, akaisogeza kwa binamu yake. Jioni, tukiwa nyumbani, alinijia chumba cha kushonea.

"Baba, mimi sitakula tena."

"Chakula?"

"Nyama."

"Kesho utaniambia maharage nayo yana mama yao."

Hakucheka. Alisimama kando ya cherehani hadi nilipoacha kukanyaga, ndipo akaeleza alichotaka. Hakutuhubiria, na hili ni lazima niliseme, maana baadaye nilimsingizia kwa watu kwamba alikuwa anatuhubiria. Alisema, "Sisemi nyinyi msile. Naomba tu changu kipikwe peke yake."

Mama yake alimpa sufuria ndogo yenye kifuniko cha bluu. Mimi nikamfungia uzi wa bluu kwenye mwiko mmoja ili usichanganywe na mwingine. Kwa kuwa mke wangu alikuwa akifanya kazi kwa zamu nami nashinda nyumbani na cherehani yangu, mpishi wa nyumba nilikuwa mimi. Nikajikuta na sufuria mbili, miko miwili, na wateja wanaobisha hodi kitunguu kikiwa katikati ya kuungua. Maharage hayana haraka na mtu. Ilinilazimu kuyaloweka kabla sijafungua dirisha asubuhi, la sivyo jioni yalikuwa yakigonga sahani. Dengu zilinichukua wiki tatu kuzielewa. Kunde nilizivuruga mara nne.

Kilichofuata sikukitegemea. Mke wangu alikuwa akirudi kazini amechoka, mikono imejikunja kwa maji ya sabuni, na harufu ya nyama kwenye sufuria kubwa ilikuwa ikimkinaisha. Alianza kufunua kifuniko cha bluu. Kwanza kijiko kimoja, halafu sahani. Siku moja akasema, bila kunitazama sana, "Kwa nini nyama tusiipike Jumapili tu? Siku nyingine tule cha mtoto." Wakakubaliana wao wawili, na mimi nikaitikia kwa sababu sikuwa na hoja. Kwa wiki kadhaa niliendelea kujipikia nyama peke yangu katikati ya wiki. Hebu fikiria mezani: mtu mmoja anatafuna na watu wawili wanaangalia kwingine kwa adabu. Hakuna aliyenikataza, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaipandisha sufuria kubwa juu ya kabati, nikashusha kinyongo.

Nilianza kupika maharage kwa kinyongo hicho. Chumvi kidogo, kitunguu nusu kibichi, moto wa kulipua. Sindano alikuwa anabakiza nusu sahani na kusema ameshiba. Mtoto akaanza kuonekana mwembamba zaidi ya jina lake. Dada yangu alipokuja kututembelea alimzungusha kwa bega, akaniambia mbele yake, "Mtoto amebaki mifupa. Watu watasema mnamnyima." Wiki hiyohiyo Sindano alishikwa na kizunguzungu shuleni wakati wa michezo, akakaa chini uwanjani.

Nilimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima uzito, akamtoboa kidole, akasoma majibu. Akasema damu ipo ya kutosha, mtoto anarefuka tu, na je, asubuhi ile alikunywa chai? Hakunywa, alikuwa amechelewa. "Basi ndiyo hiyo. Maharage, mboga za majani, karanga, matunda. Endeleeni hivyohivyo, ila ale ashibe."

Nimeyaandika maneno ya muuguzi kama yalivyokuwa kwa sababu kwa miaka mingi, kila nilipojitetea moyoni, nilikuwa nikiyaruka. Nilikuwa nikijiambia nilifanya vile kwa hofu ya baba juu ya mwanawe. Hofu nilishaondolewa na mtu mwenye koti jeupe. Alichoniagiza ni kupika vizuri.

Kwenye chumba changu cha kushonea nilikuwa na jiko dogo la mkaa la kupashia pasi. Mkaa ukiwaka kwa ajili ya pasi, joto lingine linapotea bure. Nilikwenda kwa muuza nyama nikamwomba mifupa.

"Ya supu?"

"Ya mbwa," nilisema. Sijui kwa nini. Hakuna aliyekuwa ananichunga.

Nilikuwa naichemsha mifupa asubuhi nzima nikiwa kazini, Sindano yuko shule na mama yake yuko zamu, dirisha limefunguliwa wazi. Kisha naichuja supu kwa kipande cha pamba nyeupe, kimoja kati ya viwili nilivyokata kutoka jora moja. Kimoja kilikuwa cha kuchujia. Kingine kilikuwa kitambaa cha kupigia pasi, kile fundi anachokilowesha na kukilaza juu ya suruali ili sufi isiungue. Nilivitundika kwenye misumari miwili, cha pasi kulia, cha supu kushoto. Supu niliitia kwenye chupa, na jioni niliimimina yote kwenye sufuria yenye kifuniko cha bluu, nikakoroga kwa mwiko wenye uzi wa bluu.

Siku ya kwanza Sindano alimaliza sahani, akaipangusa kwa mkate.

"Baba, leo umeyafanyaje?"

"Kitunguu," nilisema. "Nimekikaanga zaidi."

Alikuwa na daftari la mapishi yanayofaa, maana alitaka kunisaidia. Akaenda kulichukua, akaandika: kitunguu kikaangwe zaidi. Nilimwona akipiga mstari chini ya neno zaidi kwa rula.

Mke wangu naye alisifia. Akasema siku hizi mkono wangu umerudi. Mtoto alinawiri, mashavu yakajaa, na mimi nikavimba kichwa. Niseme kila kitu: nilipomwona akila, nilitabasamu. Haikuwa furaha ya mzazi anayemwona mwanawe anashiba. Tangu siku ya kamba nilikuwa nikihisi kwamba kila sahani anayoisogeza pembeni ananiambia mimi jambo, mimi niliyemwacha juani na mnyama anayemwegemea, nikaenda kupiga soga. Nilitaka awe amekosea. Na sasa kila jioni alikuwa anakosea bila kujua, kwa kijiko chake mwenyewe, na mimi nikimtazama.

Kuna siku nilibanwa na kazi, akapika yeye. Alikaanga kitunguu hadi kikawa kahawia, akaonja, akakikaanga zaidi, akaonja tena. Akaketi mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi.

"Mkono wangu bado, baba."

"Utaiva tu, mwanangu," nilimwambia.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha langu, alikuwa anakaa fundi viatu. Tulikuwa tunapeana utani mchana kutwa, nyundo yake na cherehani yangu zikijibizana. Siku moja nilimweleza. Siri ilikuwa tamu mno kuila peke yangu, nikataka mtu auone ujanja wangu. Alicheka hadi akaiangusha soli. Tangu siku hiyo Sindano akipita akirudi kutoka shule, fundi viatu alikuwa akimwita, "Sindano! Maharage ya jana yalinona?"

"Yalinona, fundi," alikuwa anajibu.

Fundi viatu anacheka, nami dirishani nacheka, na Sindano, akidhani ni ukarimu wa jirani, anacheka nasi.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye suruali. Mwalimu wake alitaka kuivaa Jumamosi, siku ya wazazi, na alinibana kwa haraka. Nilikuwa nimevifua vitambaa vyote viwili asubuhi, nikavitundika bila kuangalia kipi ni kipi. Mafuta ya mifupa hayatoki kwa maji baridi. Yalijificha kwenye pamba yakisubiri joto, na nilipoweka pasi yalishuka kwenye paja la mwalimu.

"Tangu lini?" mke wangu aliniuliza baada ya kunisikiliza hadi mwisho.

"Miezi saba."

"Na mimi umenilisha."

"Wewe si unakula nyama?"

"Sikukuuliza ninakula nini." Aliniangalia kwa macho makavu. "Jumamosi atasoma insha yake mbele ya wazazi. Unajua inahusu nini?"

Nilijua. Nyumba nzima ilijua. Alikuwa akiifanyia mazoezi bafuni.

"Mwambie kabla hajasoma," alisema. "Nikimwambia mimi, hutakuwa na pa kuanzia."

Akachukua chaki yangu ya kushonea, akaisaga, akaumwaga unga wake juu ya doa. Akaweka karatasi na pasi ya vuguvugu juu yake, akasubiri, akapangusa, akarudia. Mara ya tatu doa likawa halionekani. Aliinua suruali kwenye mwanga, akaridhika, akanirudishia. Ilikuwa Jumanne.

Jumatano Sindano aliniletea sketi ya Jumamosi nimpandishie pindo. Alisimama juu ya kigoda, nami nimepiga goti, nimebana pini midomoni. Tulikuwa wawili tu. Nikajiambia mtu hawezi kuzungumza na pini mdomoni. Zilipoisha, nikachukua nyingine.

Alhamisi nilipika bila supu. Alionja, akanitazama kwa huruma. "Leo umechoka, baba?" Akamaliza sahani yote kwa adabu, punje hadi punje, ili nisijisikie vibaya.

Na Ijumaa, mke wangu akiwa zamu ya jioni, nilikwenda kwa muuza nyama. Hili mke wangu halijui hadi leo. Nilikuwa nimeshakamatwa, nimeshaagizwa, na bado nilisimama mbele ya meza ya yule mtu nikamwambia mbwa amemaliza. Nilijidanganya kwamba mtoto anasoma kesho na ni vizuri ale afurahi. Ukweli ni kwamba sikuistahimili ile huruma ya Alhamisi. Alikula, akaramba kijiko, akasema, "Sasa umepumzika."

Jumamosi asubuhi mke wangu aliniuliza kwa macho, juu ya kichwa cha mtoto aliyekuwa akifungwa tepe za nywele. Nikatikisa kichwa kukubali kwamba nimemwambia.

Ukumbi wa shule ulijaa. Tulikaa safu ya tatu, mke wangu amepitisha mkono wake kwenye mkono wangu. Nilijua maana ya mkono ule: ulikuwa unanipongeza. Mwalimu alisimama pembeni ya jukwaa ndani ya suruali ya kijivu. Nilimkazia macho kwenye paja la kushoto ilhali nilipaswa kumwangalia mwanangu. Lilikuwa safi.

Sindano aliposoma hakuinua sana sauti. Alieleza juu ya mbuzi, akasema alimshikia kamba mtu mmoja, hakusema nani. Nikaona kwamba amenificha. Kisha akafika kwenye ukurasa wa pili.

"Watu huniuliza kama ni vigumu. Kwangu si vigumu. Ni vigumu kwa baba yangu, kwa sababu yeye bado anapenda nyama, na yeye ndiye anayepika. Kila siku anaosha sufuria yangu kwanza. Nyumba nyingi haziwezi kuacha nyama kwa siku moja, lakini zinaweza kuanza na sufuria moja. Sufuria yangu haijaguswa na nyama kwa mwaka mzima. Sijailinda mimi, nakuwa shule. Inalindwa na baba."

Mkono wa mke wangu ulitoka kwenye mkono wangu polepole. Hakugeuka kunitazama. Watu walipopiga makofi alipiga na yeye, akiangalia mbele, machozi yakimteremka, na mama mmoja wa safu ya nyuma akamgonga bega kumpongeza. Baba mmoja nisiyemjua alinyoosha mkono akanipa hongera. Niliupokea mkono wake. Nilimshukuru.

Tulirudi kwa miguu. Mke wangu alitangulia na hakusimama. Tulipofika nilimwita Sindano chumba cha kushonea, nikamkalisha kwenye kigoda cha wateja, nikamwambia. Nilianza na kizunguzungu cha uwanjani, na dada yangu, na hofu. Nikasikia jinsi ninavyosikika, nikaacha. Nikamwambia mifupa, jiko la pasi, chupa. Bado alikuwa amevaa sketi yenye pindo jipya, na karatasi za insha amezishika mapajani.

Alizitazama karatasi zake. Kisha akasema, "Nimesema mbele ya watu."

"Najua, mwanangu."

"Kwa hiyo si kitunguu."

"Si kitunguu."

Alifikiri. Nilimwona akirudi nyuma kwenye siku zake moja moja, akizipekua. Nilijiandaa kwa neno kwa nini, nilikuwa nimelitengenezea jibu. Hakuuliza kwa nini. Aligeuka akaangalia dirishani, ng'ambo ya barabara, ambako nyundo ilikuwa inagonga soli.

"Fundi viatu alikuwa anajua?"

Ningetoa chochote niwe na jibu jingine.

"Ndiyo," nilisema.

Akainuka. Aliziweka karatasi juu ya meza ya kukatia nguo, akazinyoosha zikae sawa, akatoka. Nilimsikia jikoni akimimina maji. Aliisugua ile sufuria ndogo kwa mchanga na majivu, ndani na nje, akaifunika kifudifudi nje juani. Alifungua uzi wa bluu kwenye mwiko. Hakulia, au kama alilia, hakunilia mimi.

Jumatatu alikwenda kwa mwalimu akasema insha yake ina kosa, akaomba irudishwe, isibandikwe ukutani kama walivyokuwa wamekusudia. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenieleza, siku alipokuja kupimwa koti. Aliniambia kwa kunisifu: mtoto mkweli kiasi hicho, makosa yenyewe hata hakuyataja. Nikaendelea kumpima mabega, nikaandika namba zisizo sahihi, ikabidi nimwite tena.

Tangu wiki hiyo Sindano alijipikia. Alikuwa anaamka mapema, analoweka maharage yake, anaacha sufuria imefunikwa na jiwe juu ya kifuniko. Kuhusu jiwe lile sikuuliza. Kwenda na kurudi shule alianza kupita njia ya nyuma, ya kuzunguka, asipite mbele ya fundi viatu. Naye fundi aliniuliza mara mbili, "Sindano yuko wapi siku hizi?" Nikamwambia masomo. Baadaye nilihamisha cherehani upande mwingine wa chumba, nisikae naye uso kwa uso.

Mimi niliacha nyama kabisa. Niliacha kwa kishindo, nikihakikisha ananiona nikirudisha sahani kwa dada yangu, nikisema hapana, asante. Baada ya mwezi mmoja wa maonyesho hayo Sindano aliniambia, akiwa anachagua mawe kwenye dengu, "Baba, kula tu. Mimi sikukwambia uache. Nilikuomba sufuria."

Hakunichukia. Labda ningeandika hadithi nyepesi zaidi kama angenichukia. Aliendelea kunisalimia asubuhi, kuniulizia mgongo, kunishikia sindano nisiyoweza tena kuitia uzi. Alipoolewa alitaka gauni lake nilishone mimi na si mwingine. Kilichobadilika kilikuwa kidogo, mgeni asingekiona. Chakula nilichopika mimi alikuwa akikisifu na hakuwa anakigusa. Alikuwa na sababu kila mara: ameshakula, tumbo, ana haraka. Miaka ishirini na sita ya sababu, hakuna hata moja iliyotolewa kwa ukali, zote kwa upole. Na kwake, akipakua chakula kwa watu, hufunua kila sufuria mbele yao na kutaja kilichomo, hata kama ni wali mtupu. Wanawe wanadhani ndiyo adabu ya watu wote. Wakienda kwa wenzao hula nyama wakitaka, na wakirudi humwambia, naye huwauliza tu kama ilikuwa tamu.

Mwezi uliopita alishikwa na homa. Mumewe alikuwa safarini kikazi, watoto walikuwa na mitihani. Mimi na mama yake tukaenda kukaa naye. Siku ya pili mke wangu alishughulika na nguo za mgonjwa, maana hiyo ndiyo dawa yake kwa kila ugonjwa, na saa sita ikakaribia jiko halijawashwa. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha Sindano.

"Nipike?" nilimuuliza.

Alikuwa amelala ubavu, uso kwenye ukuta. Aligeuka akanitazama. Nilianza kusema kwamba naweza pia kununua mkate, si lazima.

"Pika, baba," alisema.

Nilikwenda jikoni. Niliitambua sufuria kabla sijaishusha, imebonyea upande mmoja, kifuniko cha bluu kimebanduka rangi ukingoni. Nilikuwa naiosha niliposikia ndala zake kwenye korido. Aliingia amejifunika khanga mbili, midomo mikavu, akajishikiza ukutani hadi kwenye kigoda, akakaa.

"Huku kuna joto," alisema.

Hapakuwa na joto, jiko lilikuwa bado halijawashwa. Nilikunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko, nikayachukua maharage yaliyolowekwa usiku na kuyamwagia maji mapya. Nikachukua kitunguu na kisu. Nikasogea kidogo kulia, ili mgongo wangu usimzibe.